Siku kumi kabla ya kura: mwongozo wa kujitolea kwenye kampeni ya MCA

Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Zikibaki siku kumi hivi, ofisi za wagombea hujaa watu waliokuja kusaidia: vijana waliomaliza shule, kina mama wa chama, walimu wastaafu. Wengi wao hupewa fulana, hupandishwa lori, huimba mpaka sauti zikauke. Jumatano asubuhi mgombea wao ameanguka, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema kura zilikosekana kituo gani.

Naandika kuhusu kiti cha mwakilishi wadi, MCA, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mtu mmoja huonekana. Kenya ina wadi 1,450. Mombasa peke yake ina 30, na wadi moja unaweza kuizunguka kwa miguu. Mifano yangu mingi ni ya Pwani, lakini fomu na sheria ni zilezile Turkana au Kisii.

Jambo moja likae akilini kabla hujavaa fulana. Siku kumi za mwisho hazibadilishi mioyo ya watu wengi. Mwenye msimamo keshaufikia. Kilichobaki ni kazi mbili: wale ambao tayari ni wenu wafike kituoni, na kura zao ziandikwe kwenye fomu kama zilivyopigwa. Mwaka 2022 waliojiandikisha nchini walikuwa 22,120,458, na waliopiga kura walikuwa kama asilimia 65. Mombasa hawakufika hata nusu. Maana yake katika wadi za mji huu, kundi kubwa kuliko la mgombea yeyote ni la waliobaki nyumbani. Na Magarini, kule Kilifi, kiti cha ubunge mwaka huohuo kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 21. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu, matokeo yakafutwa, na watu wa Magarini wakarudi kwenye foleni tarehe 27 Novemba 2025. Kura 21 ni watu wa ploti mbili za Kisauni.

Hatua ya kwanza: jitambulishe kwa kazi, usijitambulishe kwa sifa

Ukifika ofisini, mtafute anayeshughulikia vituo. Kila kampeni ina mtu huyo, hata kama cheo chake hakijaandikwa popote. Mwulize maswali matatu: wadi yetu ina vituo vingapi, nani ni wakala wa kila kituo, na orodha ya watu wetu iko wapi. Akikujibu yote, umefika penye kazi, omba kituo kimoja. Akibabaika, kazi yako ndiyo hiyo, anza kuitengeneza.

Mkubaliane mapema kuhusu nauli na chakula. Kujitolea hakumaanishi kulala njaa, na kampeni inayoona haya kusema haya hugombana na watu wake siku yenyewe. Muulize pia mgombea mtashughulikia vipi wapinzani mkikutana njiani. Ukisikia lugha ya kupiga watu au kuchana mabango, ondoka. Hakuna kiti cha wadi chenye thamani ya jicho la mtoto wa mtu.

Hatua ya pili: orodha

Chukua daftari la kawaida la mistari. Kurasa chache kwa kila kituo, na kila mstari uwe na jina, mtaa au ploti, kituo anachopigia kura, na neno moja la hali yake: wetu, hajaamua, au hapana. Namba ya simu uiandike kwa ruhusa ya mwenyewe tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu wanasiasa kama inavyowahusu wenye maduka, na Wakenya wengi wana machungu ya mwaka 2021 walipogundua wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Usipige picha kitambulisho cha mtu. Wala usikichukue "kukihifadhi". Kukusanya vitambulisho vya wapiga kura ni kosa la jinai, na ndiyo mbinu inayotumika kuwazuia watu wasipige kura.

Safu ya kituo ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka. Anayeishi Bofu leo huenda alijiandikisha Mtwapa akiwa mpangaji huko. Mtu wa namna hiyo hata akimpenda mgombea wenu kiasi gani, kura yake ya wadi haiji kwenu. Ni bora ulijue hilo Jumatano ya wiki ya kabla kuliko Jumanne ya kura. Tume ya uchaguzi, IEBC, huweka njia ya kuhakiki usajili kwa simu na kwenye tovuti yake. Kaa na mtu, mhakiki pamoja, mwandikie jina la kituo kwenye kikaratasi akiweke pamoja na kitambulisho. Shule moja huwa na vituo kadhaa ndani yake, kwani kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700, na watu hugawanywa kwa herufi za majina. Anayefuata foleni asiyoijua anaweza kusimama saa mbili kisha akaambiwa jina lake liko darasa la pili yake. Wengi wakiambiwa hivyo hurudi nyumbani.

Hatua ya tatu: mlango kwa mlango

Nendeni wawili wawili, mwanamume na mwanamke ikiwezekana, na mmoja awe mwenyeji wa mtaa ule. Saa za kampeni kisheria ni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Wakati mzuri Pwani ni baada ya alasiri, jua likishapoa na kina mama wametoka barazani. Adhuhuri ya Ijumaa usimsumbue mtu, wala Jumapili asubuhi.

Piga hodi mara tatu, ngoja, ukikosa jibu nenda zako. Ukikaribishwa, salamu kwanza, na salamu zisiwe za kukimbia. Mazungumzo mazuri niliyoyasikia mlangoni mwa bibi mmoja wa Likoni yalikwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nyinyi wa kura, eti?"

"Ndiyo bibi, tumetumwa na yule mwalimu anayewania udiwani."

"Nyinyi huja mwaka wa kura tu. Hii mifereji imejaa tangu masika ya juzi."

"Ni kweli bibi, mifereji imejaa, tumeiruka kuja hapa. Mwalimu amesema bajeti ya mifereji hupita kwenye bunge la kaunti, na ndiyo kazi anayoiomba. Bibi unapigia wapi kura?"

"Hapo shuleni. Lakini miguu hii, mwanangu, na ile foleni..."

"Bibi, wazee hawapangi foleni ndefu. Ukifika mwambie askari, utatangulizwa. Jumanne saa mbili nije nikushike mkono twende?"

Kijana hakubishana kuhusu mifereji. Hakuahidi barabara, kwa sababu MCA hana mkoba wa barabara. Alimwelekeza kwenye kazi halisi ya kiti, yaani kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Kisha akaondoka na kitu cha kuandika: kituo, saa, na shida ya miguu. Ziara nzima isizidi dakika tano, labda ukiletewa chai, ambayo ni vigumu kuikataa.

Ukikuta mtu wa upande mwingine, mshukuru, mtakie kura njema, andika "hapana", songa mbele. Vijana wengi hupoteza jioni nzima kwa mtu mmoja mbishi, na watu wao ishirini wa mtaa wa nyuma hawajatembelewa.

Pesa. Utaombwa, na utaombwa na watu wenye shida ya kweli. Jibu liwe moja kwa kila mtu: "Hatugawi pesa, na sheria hairuhusu." Hongo ya kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na anayepokea amekosa sawa na anayetoa. Chakula na vinywaji vinavyotolewa ili kumshawishi mtu apige kura namna fulani vimo humohumo. Najua wagombea wanaogawa unga usiku na wakashinda. Najua pia kwamba mpiga kura aliyechukua unga wa huyu huchukua na wa yule, na mwisho anampigia anayemtaka. Mtu anayekutuma na bahasha anakutia wewe jela, si yeye. Mrudishie.

Hatua ya nne: fundisha kupiga kura

Hapa ndipo kampeni nyingi huzembea. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA. Kila moja ina rangi yake, na mfuniko wa sanduku lake una rangi hiyohiyo. Mwaka 2022 ya rais ilikuwa nyeupe, ya gavana buluu, ya seneta njano, ya mwakilishi wa kike zambarau, ya mbunge kijani, na ya MCA rangi ya krimu iliyokolea. Wengine huifikia ya MCA wakiwa wamechoka, wakaweka alama haraka haraka au wakaiacha tupu.

Chora mfano kwenye karatasi ya daftari, wenye majina ya kubuni. Mwonyeshe mtu: alama moja, kwenye kisanduku cha mgombea mmoja. Usiandike jina lako, usitie sahihi, usiandike "Mungu akubariki". Ukikosea, usiitumbukize, irudishe kwa karani akupe nyingine. Ikunje kabla hujatoka kibandani. Mfanye aliyekuwa akikusikiliza akuonyeshe na yeye.

Asiyeona au asiyeweza kusoma ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemwamini, mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na msaidizi huyo anaruhusiwa kumsaidia mtu mmoja tu. Akikosa mtu, afisa msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala. Kwa hiyo usipange kijana mmoja awasindikize wazee watano mpaka ndani. Tafuta wajukuu watano.

Hatua ya tano: mawakala

Kama una subira na mwandiko unaosomeka, acha lori uombe uwakala. Wakala ni jicho la mgombea ndani ya kituo. Anatakiwa awe na barua ya uteuzi, ale kiapo cha siri mbele ya kamishna wa viapo, na apate beji. Mambo haya yakamilike wiki ya kabla. Nimeona mawakala wazuri wakizuiwa mlangoni saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu barua ilikuwa na namba ya kituo jirani. Linganisha jina lako na kitambulisho herufi kwa herufi, na namba ya kituo tarakimu kwa tarakimu.

Pakia mfuko siku moja kabla: barua, nakala ya kiapo, kitambulisho, kalamu mbili, daftari dogo, tochi, maji, chakula kikavu, sweta. Sweta hata Mombasa, kwa sababu utakesha. Kura za rais huhesabiwa kwanza, na za MCA zikianza usiku umeshakomaa. Wakala mwenye njaa huaga saa tatu usiku, na fomu yenu huhesabiwa bila nyinyi. Kutokuwapo kwake hakufuti matokeo. Kampeni yenye akili huweka wakala wa akiba kwa kila vituo vichache, na mtu wa kupeleka uji wa moto mpaka langoni.

Hatua ya sita: zile saa 48

Kampeni hufungwa saa 48 kabla ya kura. Mwaka 2022 zilifungwa Jumamosi tarehe 6 Agosti jioni. Kuanzia hapo, vua fulana na uzime spika. Jumapili na Jumatatu ni za simu na daftari: kumkumbusha mtu saa yake, kumtafuta mjukuu wa kumsindikiza babu, kupanga nani anakaa na watoto wa mama anayekwenda kupiga kura.

Ni siku za uvumi pia. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya kura, tume ilitangaza kwamba uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega umeahirishwa kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na makosa, na watu wakaja kuupiga tarehe 29 Agosti. Habari ya kweli kama hiyo, ikifika saa mbaya, inamfanya mtu aseme "kura imeahirishwa" na alale. Mtu wa kujitolea mwenye orodha anaweza kupiga simu jioni hiyohiyo: gavana tu ndiye aliyeahirishwa, karatasi nyingine tano zipo, na ya MCA imo. Usisambaze chochote kwenye WhatsApp ambacho hukukiona kimetoka kwa tume yenyewe.

Hatua ya saba: Jumanne

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyeko kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura, mwambie asiondoke.

Wewe wa orodha piga kura yako mapema, kisha kaa mtaani, mbali na kituo, bila alama yoyote ya mgombea. Kila anayerudi na wino kidoleni, mwekee vema kwenye daftari. Usimuulize kampigia nani. Saa sita mchana pitia ambao hawana vema, wapigie simu au wapigie hodi. Saa tisa rudia. Saa hizi mbili zina faida kuliko mikutano yote mliyofanya. Mzee ukimsindikiza, msindikize kama jirani. Usafiri ukifanywa malipo ya kura, imekuwa hongo.

Wewe wa ndani fika kabla ya kufunguliwa. Utaonyeshwa masanduku matupu kabla hayajafungwa kwa lakiri. Andika namba za lakiri. Andika saa ya kuanza. Kifaa cha kutambua vidole kikigoma, andika kiligoma saa ngapi na kilirejea saa ngapi. Ukiwa na malalamiko, mwambie afisa msimamizi kwa adabu na umwombe ayaandike kwenye shajara ya kituo. Kelele hukutoa nje, na ukitoka nje umeshamaliza kazi yako.

Hatua ya nane: kuhesabu na Fomu 36A

Msimamizi hufungua karatasi moja moja, huionyesha, hutaja jina. Nawe chora vijiti, vitano vitano, kwa kila mgombea. Karatasi yenye utata iombe uione. Usipokubaliana, sema palepale ili iandikwe kuwa imepingwa. Ukiona hesabu haikai sawa, wakala ana haki ya kuomba kura zihesabiwe upya, si zaidi ya mara mbili.

Kisha inakuja Fomu 36A, ambayo ndiyo ya MCA. Ya rais ni 34A, ya mbunge ni 35A. Kabla hujatia sahihi, jumlisha mwenyewe. Tuseme wagombea wanne wamepata 112, 98, 41 na 9. Hizo ni kura halali 260. Zilizokataliwa 3, kwa hiyo ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi 263. Mtu aliyechoka akiandika 89 badala ya 98, jumla inaanguka hadi 251, na wewe mwenye vijiti ndiye utakayeliona kosa. Angalia pia tarakimu zimelingana na maneno, jina la kituo ni lenu, na muhuri upo.

Pata nakala yako. Nakala nyingine hubandikwa mlangoni mwa kituo, na hiyo kila mwananchi anaweza kuipiga picha. Ipige ikiwa imenyooka, pembe zote nne zionekane, taa ya kutosha, kisha itume kwa anayejumlisha wadi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Maina Kiai, iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa juu. Septemba mosi mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na usafirishaji wa matokeo na fomu zake ulikuwa kiini cha kesi. Karatasi hiyo uliyoishika ndiyo ushahidi.

Hatua ya tisa: asubuhi

Fomu za 36A za wadi nzima hujumlishwa kwenye 36B katika kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge. Peleka watu wawili wenye jedwali lenu, kituo kwa kituo, walinganishe kila namba inaposomwa. Msirudi nyumbani usiku peke yenu, hasa kina dada. Lala kituoni mpaka kuche, au fuataneni.

Mkishindwa na fomu zote zinalingana na vijiti vyenu, mgombea ampigie mshindi simu, nanyi mwondoe mabango yenu mtaani. Mkiona kasoro ya kweli, kesi ya kiti cha MCA hufunguliwa mahakama ya hakimu ndani ya siku 28. Wakili atakachoomba kwanza ni nakala za fomu na daftari la wakala, kwa hiyo zikusanywe Jumatano hiyohiyo, kila kituo kwenye bahasha yake. Ile orodha yenye simu za watu iharibiwe, au irudishwe kwa mtu mmoja anayewajibika nayo. Bibi wa Likoni alitoa namba yake ili aje kushikwa mkono Jumanne, hakuitoa ili iuzwe kwa mgombea wa mwaka 2032.